Rongai ipi? Kuhusu miji yetu iliyo wajina

Mwaka jana nilikosa mazishi ya mwalimu aliyenifunza Kiswahili katika shule ya upili, na kilichonikosesha ni jina la mji. Ujumbe uliingia Alhamisi usiku katika kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wake wa zamani: "Mwalimu atazikwa Jumamosi nyumbani kwake Rongai. Ibada saa nne." Mimi ni mkazi wa Nairobi, na kwa mkazi wa Nairobi Rongai ni moja tu: ile ya barabara ya Magadi, ya matatu nambari 125 na 126, ambayo vijana huiita Ronga. Nilijua Mwalimu alistaafu kitambo. Sikujua alikuwa amejenga wapi. Jumamosi nikavaa suti, nikapanda matatu saa mbili asubuhi, nikawa najipongeza njiani kwa kuwahi.

Niliposhuka nilimwuliza utingo kama anapafahamu nyumbani kwa marehemu.

"Mzee, hapa Ronga matanga ni mengi. Ya nani?"

Nikataja jina. Mama mmoja aliyekuwa akipanga ndizi kando ya barabara akadakia: "Huyo mwalimu si wa huku, baba. Hebu wapigie watu wake simu." Nikapiga. Aliyepokea alikuwa mwenzangu wa darasani, na nyuma ya sauti yake nilisikia wimbo wa kanisani.

"Wewe uko wapi? Tumeshaanza."

"Niko Rongai."

"Rongai gani?"

Mwalimu alikuwa akizikwa Rongai ya Nakuru, mji mdogo ulio magharibi ya Nakuru yenyewe, penye kituo cha reli. Kati yangu na kaburi lake kulikuwa na jiji zima la Nairobi na kipande kirefu cha Bonde la Ufa. Nilifika saa tisa na nusu. Vijana walikuwa wakikunja viti na kushusha hema. Mjane wake alinipa chai, akasikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Pole mwanangu. Angekuwapo angekwambia umeanguka swali la kwanza la mtihani."

Nilimwelewa. Hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwa Mwalimu ambaye hakuchapwa, kwa maneno kama si kwa kiboko, kuhusu viulizi viwili: gani na -pi. Gani huuliza aina au sifa ya kitu. "Unataka kitabu gani?" Jibu: cha hadithi, cha historia, cha bei nafuu. -pi huuliza chaguo miongoni mwa vitu ambavyo tayari tunajua vipo. "Unataka kitabu kipi?" Jibu: hiki chekundu, si kile. Gani haibadiliki, -pi huchukua kiambishi cha ngeli, kwa hiyo twasema mtu yupi, mji upi, nyumba ipi, viatu vipi. Katika mazungumzo ya siku hizi gani imeimeza -pi karibu yote, na wengi hawaoni hasara yoyote. Hata mwenzangu, kwa haki, alipaswa kuniuliza "Rongai ipi?" Lakini yeye aliuliza baadaye na kwa kiulizi kisicho chake, mimi sikuuliza kabisa. Kuuliza ipi ni kukiri kwamba huenda ziko mbili. Mimi nilikuwa na hakika kwamba iko moja.

Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya majina ya miji yetu yanayojirudia, na leo naomba tuyaangalie. Kwanza tupate neno la kuyaitia. Kiswahili kina maneno mawili mazuri kwa watu wenye jina moja: somo na wajina. Ukikutana na mtu mnayeitana naye jina, unaweza kumsalimu, "Hujambo somo?" Mimi leo nachagua wajina, kwa kuwa somo lina kazi nyingine nyingi shuleni na unyagoni. Kamusi zinalitaja neno hilo kwa watu. Sioni kosa kulipanua kidogo likaingia katika toponimia, yaani taaluma ya majina ya mahali. Rongai na Rongai ni miji wajina.

Kabla ya kuuliza wajina hao walitoka wapi, kuna kijiswali cha sarufi ambacho wanafunzi wangu huniuliza: tukiwa na Rongai zaidi ya moja, tuhesabu vipi? Jina la mji likisimama peke yake, aghalabu huingia ngeli ya I-ZI: Rongai imepanuka, Rongai hii, Rongai ile. Kwa hiyo zikiwa mbili ni Rongai zote mbili, na Makutano zote ni Makutano nyingi. Tukiutanguliza mji, ngeli ni ya U-I: mji wa Rongai umepanuka, miji miwili iitwayo Rongai. Na tukitazama mahali penyewe, twaweza kuvuka hadi PA-KU-MU: Rongai kumejengeka, Rongai pana vumbi. Zote tatu ni sahihi. Asiyekubalika ni yule anayesema "Nakuruni" na "Kisumuni", kwa sababu jina la pekee la mahali tayari ni mahali na halihitaji -ni. Majina kama Bondeni na Mkomani yalizaliwa na -ni yao, ikaganda humo.

Sasa tukirejea Rongai. Jina kamili la mji ulio kando ya Nairobi ni Ongata Rongai, nalo ni la Kimaa, lugha ya Wamaasai, Wasamburu na Wachamus. Ongata, au angata, ni uwanda. Ndilo neno lile lile lililo katika Angata Barrikoi ya Trans Mara. Rongai ni sifa ya wembamba. Uwanda mwembamba, basi. Mji huo uko katika kaunti ya Kajiado, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya 170,000. Eneo bunge liitwalo Rongai, hata hivyo, haliko huko. Liko Nakuru. Mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi akidhani anasomewa habari za majirani wa Lang'ata amekwisha kupotea kabla hajafika ukurasa wa pili.

Kwa nini jina la Kimaa liko Nakuru? Hapa ndipo majina huanza kusema mambo mazito. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwekeana mkataba na viongozi wa Wamaasai uliowaondoa katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, ili mashamba yapewe walowezi wa Kizungu. Baadhi walipelekwa kusini, wengine Laikipia. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili uliowatoa Laikipia vilevile na kuwasukuma kusini. Watu walihama na mifugo yao. Majina hayakuhama. Ukisafiri leo kutoka Naivasha hadi Ol Kalou, Ol Joro Orok, Naro Moru na Nanyuki, unasafiri ndani ya msamiati wa Kimaa, ingawa utakaowasikia sokoni wengi wanazungumza lugha nyingine. Rongai mbili zimepata jina moja kwa sababu wachungaji wa lugha moja waliitazama ardhi ya pande zote mbili, wakaieleza kwa neno moja.

Na wafugaji hao walikuwa na tabia ya kuyaita maji kwa rangi na hali yake, jambo ambalo lazima lizae wajina, maana rangi za maji si nyingi. Nairobi ni ubaridi: maji baridi. Nanyuki ni wekundu. Vuka mpaka uingie Tanzania, utaikuta Ngare Nairobi upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na Ngarenanyuki karibu na Mlima Meru. Ngare au enkare ni maji. Sisi tulilidondosha neno maji, tukabaki na sifa yake tu. Kwa hiyo tunaishi katika jiji kuu linaloitwa, kwa kifupi, Baridi. Mtu anayengoja matatu saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai hatabisha.

Mfano unaonipendeza zaidi si wa miji, ni wa mito, lakini niruhusu. Kenya ina mito miwili iitwayo Ewaso Ng'iro. Mmoja hushuka kutoka nyanda za juu ukapita Laikipia na Isiolo na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Wa pili huanzia Mau, ukapita Narok na kumwaga maji yake katika Ziwa Natron. Uaso ni mto, ng'iro ni rangi ya kahawia, ya matope. Mito miwili michafu ikaitwa michafu. Serikali ilipoanzisha mashirika ya kuyaendeleza mabonde hayo ililazimika kuongeza mkia: moja ni la Ewaso Ng'iro Kaskazini, jingine la Ewaso Ng'iro Kusini. Kumbuka pia kwamba anayeandika "Mto Ewaso Ng'iro" ameandika mto mara mbili. Mimi mwenyewe huandika hivyo, kwani sentensi ya Kiswahili huhitaji mto wake, na msomaji asiyejua Kimaa hana kosa.

Kiserian nayo iko Kajiado, jirani na Ongata Rongai, na iko Baringo, katika eneo la Wachamus, ambao lugha yao ni ya Kimaa vilevile. Neno serian ni amani, salama. Kiserian ya Baringo imetajwa sana katika habari za wizi wa mifugo na watu kukimbia makwao. Sitasema mengi juu ya kejeli hiyo, ila hili: mtangazaji akisoma "shambulio Kiserian" asitaje Baringo, kuna mama wa Kajiado anayeacha sufuria jikoni kutafuta simu.

Majina ya Kiswahili hujirudia kwa sababu tofauti kidogo. Chukua Makutano. Iko Makutano karibu na Kapenguria, Pokot Magharibi. Iko Makutano ya Mwea, barabara ya kuelekea Embu. Iko Makutano katika mji wa Meru. Ukambani ziko Makutano ya Kyumbi, unapoiacha barabara ya Mombasa kwenda Machakos, na Makutano ya Mwala. Hakuna aliyehama kutoka Makutano moja kwenda kuanzisha nyingine. Barabara zilikutana, mtu akafungua kibanda cha chai, makanga wakapaza sauti "Makutano hapo!" na nomino ya kawaida ikageuka nomino ya pekee bila mkutano wowote wa kuidhinisha. Tofauti kati ya "tukutane makutano" na "tukutane Makutano" ni herufi kubwa, na herufi kubwa haisikiki simuni. Wengine, ili kuondoa utata, wameongeza neno la Kiingereza wakasema "Makutano Junction", hata kukawa na mchezo wa runinga wa jina hilo. Ni makutano ya makutano, na utata uko palepale.

Majengo ni kisa kingine. Majengo ya Pumwani, Nairobi. Majengo ya Mombasa. Majengo ya Nyeri, ya Nanyuki, ya Meru. Na ile ya kaunti ya Vihiga unayoipita ukitoka Kisumu kwenda Kakamega. Msomaji anaweza kudhani ni jina tu la mahali palipojengwa nyumba, na kila mji una nyumba. Lakini fikiria mji wa kikoloni ulivyogawanywa. Palikuwa na mtaa wa Wazungu, wa Wahindi, na kambi za vibarua walizojengewa na waajiri wao. Kisha palikuwa na kipande ambapo Mwafrika aliruhusiwa kujijengea nyumba yake ya udongo na kupangisha vyumba, mara nyingi kwa jamii zilizokuwa zikizungumza Kiswahili. Katika mji kama Nairobi huko ndiko kulikokuwa na majengo ya mtu mwenyewe. Ukiijua historia hiyo hutashangaa kwamba Majengo nyingi zimekaa karibu na msikiti, wala kwamba Kiswahili ndicho kilichozipa jina hata milimani ambako lugha za wenyeji ni nyingine.

Bondeni ya Nakuru, Bondeni ya Mombasa na Bondeni ya Mathare hazihitaji maelezo: ardhi imeshuka. Mkomani ya Lamu na Mkomani ya Mombasa ziliitwa kwa mti, mkoma. Pwani ina miti mingi iliyogeuka mitaa. Na Maili? Maili Nne ya Eldoret, Maili Saba ya Kitale, Maili Sita na Maili Kumi za barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu, Maili Tatu ya Igembe. Majina haya nayaheshimu kwa uaminifu wake. Yanakiri waziwazi kwamba hayajitoshelezi, kwa kuwa maili nne lazima ziwe maili nne kutoka mahali fulani. Vibao vya barabarani vilishahamia kilomita, na mtoto wa leo hajui maili ni hatua ngapi, lakini utingo hatasema "Kilomita Sita na Nusu".

Wakalenjin nao wana Soin, nyanda za chini zenye joto. Kericho kuna Soin, na eneo bunge la Rongai, ile ya Nakuru, lina wadi yake iitwayo Soin. Mjina ndani ya mjina! (Najua, neno hilo halina umoja wa namna hiyo kamusini, msinitumie barua.)

Yapo majina yaliyohamishwa na watu kwa makusudi. Kisumu Ndogo iko Kibera, iko Korogocho, iko Malindi. Waliotoka kwa Ziwa wakapanga karibu karibu wakapaita nyumbani, na wakawa na adabu ya kuongeza "Ndogo" ili Kisumu mama isikosewe heshima. Soweto ya Kayole na Soweto ya Kibera zilikopa jina kutoka Afrika Kusini, ambako lenyewe lilikuwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza ya kuelezea mitaa ya kusini-magharibi mwa Johannesburg. Wakenya walioazima hawakuazima maana hiyo, waliazima sifa.

Hapa sasa nataka kutoa tahadhari, kwa sababu nimeona makala na nimesikia mahubiri ya kihistoria redioni yanayojenga uhamaji wa makabila juu ya jina moja. Jina kufanana si ushahidi wa udugu. Kuna Mbale Vihiga, mji unaoupita baada ya Majengo niliyoitaja, na kuna Mbale katika vilima vya Taita, eneo bunge la Wundanyi. Mtu akiniambia kwamba basi Wataita na Wamaragoli waliwahi kukaa kijiji kimoja, nitamwomba anionyeshe kitu kingine zaidi ya jina. Lugha za Kibantu huishiza silabi zake kwa irabu, na maumbo ya silabi hizo si mengi. Lugha mbili zikichota kisimani humo kwa karne nyingi, ndoo mbili zitatoka zikifanana bila mmoja kumwiga mwenzake. Mfano wa wazi uko Meru. Wameru wa Kenya na Wameru wa Tanzania wana jina moja, lakini lugha ya wale wa Tanzania ni jamaa ya Kichaga, na ya hawa wetu ni jamaa ya Kikuyu.

Au chukua silabi ndogo ka iliyojaa ramani yetu. Katika Kapsabet ni ya Kikalenjin, kwa maana ya nyumbani au mahali pa. Katika Karachuonyo ni ya Kijaluo, nayo inafanana kwa maana, kwa Rachuonyo, ingawa lugha mbili hizo zina safari ndefu kati yao. Katika Kikuyu ka- hudogosha, kama kahĩĩ, kavulana kadogo. Na katika Kaloleni? Wenyeji wa Kaloleni ya Kilifi hueleza kwamba jina lao latokana na kitenzi cha Kigiriama, lola, tazama. Ka-lol-e-ni: nendeni mkaone. Ka hapo ni ile ile ya "kalete maji" na "kamwite babako", na -ni ya mwisho si ya mahali hata kidogo, ni ya wingi wa watu wanaoamrishwa. Kaloleni zilizoko Nairobi, Kisumu, Voi na hata Arusha zinatamkwa na watu wengi wakidhani wana -ni ya Bondeni midomoni mwao. Silabi moja, kazi nne. Anayesoma ramani kwa macho pekee atakosea.

Basi tufanyeje na wajina hawa? Sipendekezi tuwabadilishe majina. Kila mara kamati inapoketi kubadilisha majina, hupotea kumbukumbu na huletwa jina la mwanasiasa. Dawa tunayo katika lugha, na ni ile tunayoitumia kwa watu. Katika ukoo wa Kikuyu mtoto hurithi jina la babu, kwa hiyo kijiji kinaweza kuwa na akina Kamau saba, na hakuna anayechanganyikiwa: huyu ni Kamau wa Njoroge, yule ni Kamau wa Wanjiru. A-unganifu inatosha. Kyumbi na Mwala wamekwisha kulitatua tatizo kwa njia hiyo, Makutano ya huyu na Makutano ya yule, bila amri ya serikali. Posta ilitumia tarakimu: Ongata Rongai ni 00511, Rongai ya Nakuru ni 20108, na barua iliyoandikwa vizuri haikupotea. Lakini ni nani kati yetu anayeandika msimbo wa posta katika WhatsApp?

Tunaoandika magazetini tuna hatia yetu. Tunaandika "mjini Rongai" na "eneo la Makutano" kana kwamba msomaji ni jirani yetu. Afisa wa polisi amekwisha kusema kaunti katika taarifa yake. Mhariri anaifuta ili kichwa kitoshee safu. Ninaomba kaunti irudishwe, hata kama ni kwa kupoteza kivumishi. Aidha, Ongata Rongai iandikwe kwa ukamilifu wake. Ile Ongata haikuwa pambo. Tulipoikata tulifanya mji wa Kajiado uonekane ndiye mwenye jina, na ile ya Nakuru, ambayo haikuwahi kuwa na mkia, ikageuka nakala inayopaswa kujieleza kila siku. Nimesikia pia watu wakisema "Rongai ya Nairobi". Si ya Nairobi, ni ya Kajiado, ila hapo sitapigana, maana anayesema hivyo angalau ameuona umuhimu wa kuongeza kitu. Na mtu anayeita ambulensi usiku akasema "tuko Majengo" hana muda wa kufundishwa historia. Anayepokea simu ndiye anayepaswa kuuliza ipi, tena kabla ya swali jingine lolote.

Mwezi ujao familia ya Mwalimu itafanya ibada ya kumbukumbu. Mjane wake, kwa upole wake au kwa kunitania, aliniomba mimi niandike tangazo. Nikaandika: "Rongai, Kaunti ya Nakuru, nyuma ya stesheni, saa nne asubuhi." Nililisoma mara tatu nikaridhika, nikalituma kikundini. Dakika tano hazikupita, mwenzetu mmoja aliyehamia Mombasa akajibu: "Stesheni ipi, ya reli ama ya polisi?"

Nimeongeza maneno mawili.